Shangazi, Chipu na Baraza ya Bi Kibibi

Siku mliyoniaga, baada ya biriani na hotuba, nyinyi vijana wa karakana mlinizunguka mkataka niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla hamjafika. Nikakubali, kwa sababu mtu aliyeshiba hukubali kila kitu. Sasa nimekaa kwenye fleti yangu hapa Michenzani, sina koleo mfukoni wala simu ya dharura, na mume wangu ameshaniuliza zaidi ya mara moja kama naumwa, maana hajazoea kuniona nyumbani mchana. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka. Waliovipata wanazikumbuka vizuri bila msaada wangu. Habari za mishahara nazo nitaziacha, nisije nikamkumbusha mume wangu.

Nilikuja mjini kutoka Jambiani nikiwa na cheti kipya cha ufundi wa umeme na viatu vilivyonibana. Mama yangu, ambaye maisha yake yote amelima mwani, aliniusia nisishike waya nisioujua, na nisimsadiki mwanamume yeyote anayesema waya hauna moto. Siku ya kwanza kazini niliyavunja yote mawili kabla ya chai. Mkuu wa karakana ya vipimo alikuwa Bwana Ameir, mtu mwembamba wa Tumbatu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa waya na sauti ya upole inayowaponza watu. Alininyooshea waya akaniambia hauna kitu. Nilipokwisha kuruka na kurudi chini, akaniuliza kama nimeumia, nikasema sikuumia, akasema vizuri.

"Ulikuwa na moto kidogo tu, nliupunguza mwenyewe," akaniambia. "Watu watakwambia mengi katika kazi hii, mwanangu. We pima."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kuanzia kazi. Siku hizi nyinyi mnapewa kitabu na kofia.

Kazi yetu mnaijua, lakini niieleze kwa ajili ya wajukuu zangu ambao watasoma hii kwa kulazimishwa. Kebo za umeme za Mji Mkongwe zimepita chini ya vichochoro, na juu yake ziko nyumba za watu, na mbele ya nyumba ziko baraza za mawe na chokaa ambapo watu hukaa jioni kuzungumza. Kebo ikipata hitilafu huko chini, huwezi kuchimba kichochoro kizima kuitafuta. Baraza ina mwenyewe. Katika mji huu ukimvunjia mtu baraza yake ni afadhali ungemwambia mchuzi wake hauna chumvi. Kwa hiyo lazima ujue pa kuchimba kabla hujashika sururu.

Tunajuaje? Tunapiga mshindo mdogo wa umeme ndani ya kebo kutoka mwanzo wake. Ukifika penye ubovu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Tukijua muda uliopita toka kwenda hadi kurudi, tunajua umbali. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu muda wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kuutaja tu unakuwa umeshapita. Ukikosea sehemu moja katika sehemu bilioni za sekunde, umekosea nusu shubiri. Ukikosea sehemu thelathini, umeingia kwa jirani.

Chombo nilichokikuta cha kupimia muda huo kilikuwa sanduku la mbao lenye kioo na sindano, na mafundi walikiita Shangazi, kwa sababu alikuwa na neno la kusema kuhusu kila jambo na hakuwahi kulisema vilevile mara mbili. Ndani yake alifanya kazi kama ndoo chini ya bomba. Mshindo ukitoka, bomba linafunguka na umeme unaanza kujaa ndani ya kapasita, ndiyo ndoo yenyewe. Mwangwi ukirudi, bomba linafungwa. Sindano inakuonyesha ndoo imejaa kiasi gani, nawe unasoma umbali. Ni fikra nzuri sana, na ingefaa sana kisiwa kisicho na jua, unyevu wala chumvi. Hapa kwetu, jua likipanda bomba la Shangazi lilipitisha zaidi, na unyevu ukiingia ndoo yake ilivuja. Asubuhi alikuonyesha mlango mmoja, adhuhuri mlango wa pili, na alasiri alirudi nusu njia, kama mtu aliyesahau kitu.

Bwana Ameir alikuwa akimjua. Aliangalia mawingu, akagusa sanduku kwa nyuma ya kiganja, akaongeza kidogo hapa, akapunguza kidogo pale, kisha akasema tuchimbe. Mara nyingi alipatia. Nilimpenda kwa hilo na nampenda bado. Lakini mara nyingi si mara zote, na mara ambazo hakupatia zilikuwa na wenyewe.

Sasa niwapeleke kwenye kichochoro kimoja cha Mkunazini, ambako nilijifunza kazi kuliko darasani. Laini ya kichochoro hiki ilikuwa na ubovu wa mvua. Kiangazi taa zote zinawaka. Masika yakianza tu, giza, watu wanatafutana kwa sauti. Shangazi aliletwa, akaunganishwa na kebo, na asubuhi akasema ubovu uko chini ya baraza ya Bi Kibibi. Adhuhuri akasema uko chini ya ngazi za jirani yake, Bwana Masoud, fundi cherehani. Habari hii ilienea kichochoroni kabla hatujafunga sanduku.

Kuanzia siku hiyo tukawa wageni wa heshima. Bwana Masoud alitutaka tuje mapema, kukiwa bado na baridi, akitwambia kwamba asubuhi ndiyo wakati wa kazi zenye baraka, na hapo kuna chai ya maziwa na mandazi. Bi Kibibi, mjane mnene mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani, alituma watu kutuambia tusijisumbue na asubuhi, tuje jua likisimama, na hapo kuna vileja. Kila mmoja alitaka Shangazi aulizwe saa ambayo jibu lake linaangukia kwa mwenzake. Bwana Ameir alikunywa chai, akala vileja, na akapima nyakati zote. Sijawahi kunenepa kazini kama nilivyonenepa masika yale.

Mwishowe Bwana Ameir akafanya hesabu zake za mawingu na kiganja, akaamua ni kwa Masoud. Tukavunja ngazi. Chini yake tukaikuta kebo nzima, safi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Tulizijenga upya ngazi, na Bwana Masoud hakutugombeza hata kidogo, jambo lililonitia wasiwasi. Baada ya wiki chache Bwana Ameir alipeleka kwake kitambaa cha suruali. Suruali ilirudi ina mguu mmoja mfupi. Alipouliza, Bwana Masoud alimjibu kwa adabu zote kwamba mguu ule aliupima adhuhuri.

Baadaye ofisi ikatuletea chombo kipya. Mkuu wetu wa idara alikibeba mwenyewe kama kitoto kichanga. Kilikuwa na tarakimu badala ya sindano, tarakimu nyekundu, tena nyingi, hadi sentimita. Mkuu alituambia kwamba enzi ya kubahatisha imekwisha. Mimi nami nilifurahi, maana ni vigumu kubishana na tarakimu. Sindano unaweza kuitazama ukiwa umeinama upande ukapata unachokitaka, lakini namba imeandikwa. Bwana Ameir alikizungusha chombo, akafungua skrubu za nyuma, akachungulia, akazifunga.

"Huyu ni Shangazi kavaa miwani," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Walichobadilisha ni uso. Ndani mlikuwa na bomba lilelile na ndoo ileile, na baada ya ndoo kujaa ndipo kiwango chake kinageuzwa kuwa namba. Kitu kilichokosewa kikiandikwa vizuri kinabaki kimekosewa, ila sasa kinaaminiwa zaidi. Tuliamini tarakimu zile, tukachimba kwenye kona ya muuza kahawa. Tulikuta bomba la maji, ambalo lilikuwa zima mpaka tulipolikuta.

Baada ya hapo sheha wa mtaa akaja karakana. Hakuja kugomba, alikuja na kauli ya mwisho. Alisema wakaazi wamevumilia giza kila masika, na wamevumilia mashimo yetu, lakini vyote viwili pamoja hawawezi tena. Tunaruhusiwa kuchimba mara moja zaidi, mahali pamoja, na tupaonyeshe kwa kidole kabla. Mkuu wetu wa idara naye akasema tukikosa tena hatatafuta ubovu wowote. Atafumua laini nzima toka mwanzo hadi mwisho aweke mpya, na baraza zote za kichochoro zitavunjwa. Sheha aliondoka bila kumaliza chai, na kwa sheha yule hilo lilikuwa jambo zito.

Jioni yake nilipita kwa Bi Kibibi kumpa pole ya maji yaliyoingia kwake. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akanikalisha kwenye baraza. Aliniambia kwamba baraza ile aliijenga marehemu mumewe, Mzee Juma, kwa mikono yake, mwaka waliooana, wala hakumruhusu mwashi aiguse. Kila mwaka kabla ya Ramadhani aliipaka chokaa mwenyewe, na alipofariki, Bi Kibibi akaendelea kuipaka. Mahali alipokuwa akikaa mzee palikuwa pameingia chini kidogo, na Bi Kibibi hakupaziba. Hapo hakai mtu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo bila kujua, nikasogea, akacheka.

"Mimi sikatai kuvunjiwa, Zaina mwanangu," akasema. "Umeme tunautaka sote. Nnakataa kuvunjiwa bure."

Nikamwahidi haitavunjwa bure. Ahadi ni rahisi sana ukiwa umekaa. Nilipofika nyumbani niliogopa kweli, kwa sababu sikuwa na chombo cha kuitimizia.

Nilikuwa nimetoka kozi bara, ambako tulifundishwa kutumia chipu tupu, ile ambayo haina kazi maalumu hadi wewe mwenyewe uipange ndani kwa kuandika. Nilijua kwamba hesabu haivuji. Kapasita inaweza kuwa imejaa kidogo zaidi au kidogo pungufu, lakini moja ni moja hata juani. Basi nikataka kuitupa ndoo kabisa na kuhesabu. Nilianza kwa kuhesabu mapigo ya jiwe la kwatsi, kama lile la saa ya mkononi, ila lenye kasi zaidi. Lakini baina ya pigo na pigo mshindo ulikuwa umeshapita mbele ya mlango mzima wa mtu. Nilikwama hapo muda mrefu, na nilikuwa mkali nyumbani, mume wangu ni shahidi.

Kilichonikwamua ni jogoo. Jirani yangu hapa Michenzani alikuwa akimfukuza jogoo wake aliyeponyoka siku ya kuchinjwa, na mnayajua majumba yetu haya yalivyo marefu. Jogoo akakimbia chini ya jumba toka mwanzo, jirani nyuma yake anapiga kelele, na kila dirisha alilolipita lilifunguka, mtu akatoa kichwa. Mimi nilikuwa mbali, sikumwona jirani wala jogoo. Lakini kelele zilipokoma ghafla nilijua hasa amemkamatia wapi, kwa kuhesabu madirisha yaliyo wazi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya kama niliyepigwa na butwaa, hadi mtu akaniuliza kama nimefiwa.

Ndani ya chipu mna milango midogo kwa maelfu, na umeme unahitaji chembe ya muda kuupita kila mmoja. Nikaipanga katika safu ndefu. Mshindo unatoka, unaanza kukimbia mbele ya milango, kila unaoupita unafunguka. Mwangwi ukifika, kila mlango unabaki ulivyo, na chipu inahesabu iliyo wazi. Kwatsi ikahesabu mapigo makubwa, milango ikahesabu kilichobaki katikati. Hakuna ndoo, hakuna bomba, hakuna sindano.

Nilimwonyesha Bwana Ameir kwa furaha. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama jirani yangu hukimbia sawa adhuhuri na asubuhi. Alikuwa amepiga penyewe: chipu ikipata joto, umeme hupita milango polepole zaidi, na hesabu ingekuwa ya uongo kama ya Shangazi. Tena milango yenyewe haikulingana, mingine mipana, mingine myembamba. Tukakaa wawili tukalitafutia dawa. Kabla ya kila kipimo, chipu inajipima kwanza yenyewe: inakimbiza mishindo mingi mbele ya milango, inaona kila mlango unakamata mingapi, na inalinganisha na pigo la kwatsi, ambalo joto letu halilisumbui kiasi cha kujali. Ndipo inapima kebo. Wazo hilo nusu ni lake, na anayewaambia kwamba ni langu peke yangu hakuwapo.

Tulikijaribu kwenye kipande cha kebo tulichokijua urefu, uani mwa karakana. Nilikiweka juu ya bati, jua la saa saba. Nilikizungushia barafu ya samaki kutoka sokoni, kikanuka kwa wiki. Nilikipulizia mvuke wa birika. Namba haikusogea. Bwana Ameir alikaa kwenye kigoda chake akiingoja isogee, na sikuweza kujua anaomba isogee au isisogee. Mwishowe aliinuka, akamfunika Shangazi kwa kitambaa, akasema huyu mpya hana hata wasiwasi. Sauti yake iliniuma, nikamshika mkono, akanipigapiga begani akaniambia nikatengeneze chai.

Masika yakaja, na mvua ya kwanza tu kichochoro kikazima. Tulifika mapema na chombo chetu, sanduku dogo la plastiki la kuwekea chakula, maana sikupata jingine la kuzuia maji. Watu walikuwa wamejaa. Nikaunga waya, nikabonyeza, namba ikatoka, Bwana Ameir akapima kwa utepe juu ya ardhi. Kidole chake kikaishia katikati ya baraza ya Bi Kibibi, karibu kabisa na pale palipoingia chini.

Hakuna aliyeshtuka sana. Watu walijua mambo ya asubuhi. Bi Kibibi akaenda kuoka vileja vyake kama kawaida, na wengine wakatafuta pa kukaa wangojee adhuhuri ubovu uhame. Bwana Masoud peke yake hakukaa. Alizisimamia ngazi zake kama askari.

Adhuhuri nikapima. Namba ileile. Nikapima tena baada ya sala, namba ileile. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Miaka yote ile walikuwa wamezoea ubovu unaotembea, unaoweza kubembelezwa kwa sahani ya mandazi, na sasa ulikuwa umekaa mahali pamoja. Ulikuwa umekaa kwa mwanamke niliyemwahidi. Niliitazama namba nikaichukia, ingawa niliizaa mwenyewe.

Bwana Ameir akanivuta pembeni. Kwenye gari alikuwa amemleta Shangazi, sikujua hata alimpakia saa ngapi.

"Tupime na huyu," akaninong'oneza. "Saa hizi atasema kwa Masoud. Masoud nshamvunjia, keshazoea. Yule bibi hana kingine cha mumewe, Zaina. Shangazi ana huruma. Chipu yako haina."

Nawaambieni ukweli, nilitamani. Hakuna mtu angenilaumu. Lakini ningevunja ngazi za Masoud nikijua hamna kitu, halafu laini yote ingefumuliwa, na baraza ya Bi Kibibi ingevunjwa pamoja na zote, tena bure, kama alivyokataa. Nikamwambia Bwana Ameir kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Akanitazama, akafunga mlango wa gari, na hakulitaja tena.

Nikaenda mwenyewe kwa Bi Kibibi. Alikuwa jikoni, uso umelowa jasho la moto. Nilipoingia peke yangu, bila ya kuitwa na bila ya kutabasamu, alijua. Akazima jiko.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Naam, bibi. Chini ya baraza. Hapo hapo."

"Na jioni je? Hautahama?"

"Hautahama."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akaniambia ningoje. Akatoka nje, akapita baina ya watu kama hawapo, akakaa pale mahali pa mumewe, kwa mara ya kwanza tangu afariki. Hatukujua tufanye nini. Wanaume walitazama chini. Alikaa hadi adhana ya alasiri, akaenda kusali, na aliporudi alisimama mbele ya mafundi wetu.

"Vunjeni," akasema. "Lakini mkikosa, Zaina, mlango huu usiujue tena."

Bwana Masoud alimwekea mto kwenye ngazi zake, akamwambia akae, na Bi Kibibi akakaa pale pale tulipokuwa tumepavunja bure. Mafundi wakaanza. Mzee Juma alikuwa amejenga kweli. Chokaa ile ilikataa sururu kama chuma. Nilisimama nyuma ya mchimbaji, na Bwana Ameir alisimama nyuma yangu, na sote wawili tulikuwa tukisoma kimoyomoyo kila tunachokijua.

Kwenye kiini cha baraza sururu ikagonga kitu kingine. Haikuwa kebo. Kilikuwa kigingi kinene cha chuma chenye pete juu, kimefunikwa ndani ya chokaa, kimepigwa nyundo kupita kwenye mawe hadi ardhini. Tukakifuata kwa mikono. Kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kuwa chembamba, na ncha yake ilikuwa imelala ubavuni mwa kebo. Siku kilipopigwa kilichubua ngozi ya nje tu, si zaidi, na kwa hiyo hakuna aliyejua. Lakini toka siku hiyo kila mvua iliteremka na chuma kile kama kwenye mfereji, tone kwa tone, na mahali pale kebo ilikuwa nyeusi, imeungua, imefura. Nje ya hapo, kulia na kushoto, ilikuwa nzima kabisa.

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na Bwana Ameir akanipiga mgongoni kwa nguvu kiasi cha kuniangusha shimoni. Watu wakasogea kuona. Sheha akauliza nani aliyepiga kigingi kile humo ndani, na hakuna aliyemjibu, maana jibu kila mtu alikuwa nalo. Baraza ile hakuna mwashi aliyeigusa.

Mchimbaji akakisafisha chuma, akanipa, nami nikampelekea Bi Kibibi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakilaza juu ya kanga mapajani, akaizungusha ile pete kwa kidole. Ilikuwa bado inazunguka. Mimi nilipiga magoti mbele yake nikitafuta neno la kumwambia, kwamba mzee hakukusudia, kwamba nani angejua kuna kebo, lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akimtazama mtu ambaye sisi hatumwoni, na midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Mbuzi wa Idi," akasema. "Idi yetu ya mwanzo. Kampigia kigingi chake hapa hapa, chokaa mbichi, apate kumwona toka dirishani asiibiwe."

Kicheko kikamtoka, kile chake cha kufika barabarani, na machozi yakateremka pamoja nacho, na hakujifuta. Aliinua uso akamtazama Bwana Masoud, kisha ngazi alizokalia, kisha mimi.

"Na nlimwambia," akasema. "Wallahi nlimwambia akamfunge kwa kina Masoud."